Bakuli la Kumi na Moja

Kurusawa, 11 Februari 1979

Kwa Dada Orie,

Theluji bado imelala juu ya mapaa, ingawa ukitega sikio mchana unasikia maji yakitiririka chini yake. Natumaini huko kwenu Akita, ambako baridi ni kali kuliko ya kwetu, nyote mu wazima. Mwalimu Hamano anasema barua isiyoanza na majira ni sawa na mgeni anayeingia ndani na viatu, ndiyo maana nimeanza hivi.

Sisi hatujambo. Mama bado anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya chemchemi ya maji moto, na anarudi vidole vimekunjamana kama matunda ya plamu yaliyokaushwa kwa chumvi. Babu anakereza mbao kila siku. Mabakuli ya mti wa hekalu yamekwisha, yote tisa, na Jumatano aliyapeleka mjini kwa fundi wa kupaka utomvu wa kung'arisha mbao. Alifunga kila moja kwa kitambaa chake. Mimi nilimshikia vitambaa.

Najua unajiuliza kuhusu nyumba ya kumi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kumwuliza Babu. Alisema mti ulioangushwa na theluji ulikuwa wa nyumba zote kumi, sasa mbona mabakuli ni tisa. Babu akamjibu, "Sisi tutakula kwenye yale ya zamani. Midomo yetu imeshayazoea." Mwenyekiti alicheka. Babu hakucheka. Kwa hiyo mwezi wa kumi, siku ya kuukumbuka mti, nyumba tisa zitakunywa supu kwenye mabakuli ya mti ule, na sisi tutakunywa kwenye yetu ya kila siku. Lakini usiwe na wasiwasi. Hapa nyumbani hakuna anayekulaumu.

Kigoda chako cha mwanafunzi bado kipo mbele ya kerezo la pili. Paka amekichukua. Maranda yananiganda kwenye nywele kama zamani, ila siku hizi hakuna anayeyatoa, wala hakuna anayeniita Maranda.

Tafadhali niandikie. Utarudi lini?

Wako,
Natsue


Kurusawa, 11 Februari, siku ileile
Hii siipeleki posta.

Dada Orie,

Ni mimi niliyelichukua. Nimeandika, na nyumba haijaanguka.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini Januari. Shule ilifungwa saa sita mchana. Wewe na Babu mlikuwa mmeshuka mjini, na Mama alikuwa kazini. Nilipanda darini kutafuta kamba ya viatu vya theluji. Mabakuli ghafi ya mti wa hekalu yalikuwa yamepangwa kwa kupishana, kama ulivyonionyesha, ili hewa ipite kati yake. Nililigeuza la juu kabisa. Kitakoni palikuwa na mwandiko wako wa wino: kumi na moja.

Sikuhesabu mengine. Namba ile ilinitosha. Nyumba ni kumi, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu akitaka mabakuli kumi unakata kumi na moja, kwa sababu mbao haijui oda. Na kwamba lile la ziada likivuka salama moshi wa kukaushia na mapumziko ya darini, huwa la kujifunzia. Nikajiambia: hili ni la kujifunzia, na anayejifunza ni mimi. Sikujua kwamba asubuhi ileile ulikuta la nne limepasuka ukalitia kwenye jiko la maranda, na kwamba la kumi na moja lilikuwa limeshapata nyumba yake.

Nilinawa mikono kama unavyonawa wewe. Nililigongomea kwenye meno matatu ya kerezo, nikakaa kwenye kigoda chako, nikachukua patasi yako yenye mpini wa mcheri, maana za Babu zinanizidi mkono. Nilipokanyaga pedali, bakuli lilipoteza kingo zake likawa kama ukungu wenye umbo. Mwanzoni lilinguruma na kunisukuma mkono. Halafu ncha ikapata pembe yake na sauti ikabadilika. Unaijua sauti hiyo. Randa likatoka refu, jembamba, likapita juu ya bega langu. Lilinukia kama majani ya chai yanayokaangwa. Dada Orie, nilifurahi. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote: sijawahi kufurahi maishani kama nilivyofurahi katika saa ile moja na nusu.

Kisha nikajiamini. Patasi iliuma, bakuli likaruka, na ncha ya chuma chako ikapata pengo. Nilijaribu kuinoa kwenye jiwe lako. Kitako sikukimaliza, maana lazima uligeuze bakuli na kulishika kwa kibanio cha mbao, na kila mkereza hujitengenezea kibanio chake, nami sina. Kwa hiyo chini limebaki kama lilivyokuwa, na matundu matatu ya meno na wino wako.

Nilitaka kuwaonyesha mtakaporudi. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Mlirudi mmechoka, nikasema kesho. Jumapili nikasema kesho. Jumatatu mlipanda darini mkakuta tisa.

Mimi nilikuwa chini ya ngazi na sinia ya chai. Babu alisema, "La nne lilipasuka, ulinionyesha. Yabaki kumi. La kumi na moja liko wapi?"

Ukasema, "La nne nililitia jikoni Jumamosi asubuhi, pamoja na kapu la maranda."

"La nne peke yake?"

Nikakusikia ukiyahesabu tena. Halafu ukasema, "Sijui, Fundi. Nilimwaga kapu bila kutazama."

Na Babu akasema, "Mti wa miaka mia tatu, wewe umeupikia chai."

Chai yenyewe nilikuwa nimeishika mimi. Nilingoja mtu aniulize. Kama mtu angeniuliza, ningesema. Nimejiambia hivyo kila siku, na kila siku inazidi kuwa uongo. Jumanne ulipanda basi la kwanza, vyuma vyako vimefungwa kwenye gunia la mchele, na mimi nikakushikia mwavuli mpaka kituoni.

Bakuli liko kwenye droo yangu, chini ya sare ya kiangazi.


Kitamata, Akita, 18 Februari 1979

Kwa Natsue, Maranda wangu,

Barua yako ina adabu mpaka niliisoma nimepiga magoti. Mwambie Mwalimu Hamano kwamba huku majira ni mamoja tu, theluji, kwa hiyo salamu zangu nimeshamaliza.

Nafanya kazi kwa shangazi yangu. Anatengeneza figili za moshi, zile zinazoning'inizwa juu ya moto wa mbao na baadaye kulazwa kwenye mapipa ya pumba na chumvi. Mimi nazitoa, naziosha, nazipakia. Wiki ya kwanza shangazi alitaka niwe naangalia jiko, nikamwambia ni afadhali asinikaribishe kwenye moto. Alidhani natania. Binamu zangu wamesikia kisa kizima, sasa wananiita Bibi Kizimamoto. Nikipita na kikombe cha maji wananipigia saluti.

Unasema hakuna anayenilaumu. Una moyo mwema, lakini kitongoji chenu nakijua. Wazee wa ushirika wa wakereza walisema tangu siku niliyofika, "Kihachi, mwanamke kwenye kerezo? Huyo atakupikia maranda." Sasa wamepata la kusema mpaka wafe. Naumia kwa ajili ya Fundi kuliko kwa ajili yangu. Alinipokea wakati wakereza saba walikuwa wamenifungia mlango kabla sijavua kofia.

Asubuhi ile nimeirudia moyoni mara nyingi. Nakumbuka kapu na uzito wake. Mwanzoni nilikumbuka bakuli moja tu likiingia motoni. Sasa nikifumba macho naona mawili, la pili likiviringika nyuma ya lile la kwanza. Nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Na kuna jambo jingine sikumwambia Fundi. Nilipofungua vyuma vyangu hapa, nilikuta patasi ya mpini wa mcheri ina pengo kwenye ncha, na imenolewa ovyo, kama imenolewa na mtu anayelia. Sikumbuki kuifanyia hivyo. Patasi ile niliifua mwenyewe, ya kwanza kuifua maishani. Kama hata hiyo siitunzi na wala sikumbuki kuiharibu, basi wazee wale wanasema kweli.

Kwa hiyo usiniulize nitarudi lini. Soma vizuri. Mtoe paka kwenye kigoda changu, ana viroboto.

Orie


Kurusawa, 27 Februari 1979

Kwa Dada Orie,

Plamu iliyo nyuma ya ghala imetoa vichipukizi viwili vyekundu, ingawa usiku bado maji yanaganda kwenye ndoo. Natumaini figili si nzito sana.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Paka nimemtoa.

Leo nakuuliza swali la kufikiria tu, kama yale tunayopewa darasani. Tuseme siku ile mtu mwingine aliingia darini. Tuseme bakuli halikuungua hata kidogo, lipo mahali, zima. Tuseme aliyefanya hivyo hakukusudia ubaya wowote, na ni mtu anayekupenda, mtu kama mimi kwa mfano. Je, ungerudi? Na mtu huyo ungemchukia?

Si lazima ujibu haraka. Ni swali tu.

Kuhusu patasi, naomba usiseme hukuitunza. Siku zote nilikuona ukiipaka mafuta kabla hata hujavua kandambili.

Wako,
Natsue


Kitamata, 6 Machi 1979

Kwa Natsue,

Swali lako nimelielewa, na nililia kidogo juu ya figili, ambazo tayari zina chumvi ya kutosha.

Unataka kujitwisha kosa langu ili nirudi. Usifanye hivyo. Nakujua tangu ukiwa na miaka kumi. Wewe hukuwahi hata kuokota tunda la kaki lililoangukia upande wenu wa ua bila kwenda kuomba ruhusa. Moyo safi kama huo usiuchafue kwa ajili yangu. Ukimwambia Fundi uongo wa namna hiyo nitajua, na sitakuandikia tena.

Nimeshaamua, na ni vizuri usikie kutoka kwangu. Jirani yetu, Mzee Sanjiro, hukereza wanasesere wa mbao kwa ajili ya wageni wa maji moto. Tangu nirudi nimekuwa nikizunguka kwa daraja la juu ili nisisikie kerezo lake. Juzi alinivizia njiani. "Wewe msichana," akasema, "unanikwepa kana kwamba nimekuposa. Nina miaka sabini na sita. Tulia." Tukazungumza. Nimemwahidi vyuma vyangu. Chuma ni kizuri, atavitia motoni na kuvifua upya viwe na umbo la kazi yake. Nitampelekea mwisho wa mwezi huu. Mkereza asiye na vyuma si mkereza, na nikifika hapo nadhani nitapata usingizi.

Usihuzunike. Figili nazo zina ufundi wake.

Orie


Kurusawa, 14 Machi 1979

Dada Orie,

Leo sina majira. Ndani ya kifurushi hiki kuna bakuli. Kabla hujaendelea kusoma, ligeuze utazame kitako.

Huo ni mwandiko wako. Hukuchoma mabakuli mawili. Ulichoma moja, lililopasuka, kama ulivyopaswa. Ulichokumbuka mara ya kwanza ndicho kilichotokea. Tafadhali rudi kwenye kumbukumbu ile ya kwanza, ile ya pili ulisukumiziwa na mimi niliyenyamaza.

Lile halikuwa swali la kufikiria. Niliandika kweli na kuivika nguo ili isitambulike, na wewe ukaisoma kama wema. Siku ilipofika barua yako yenye neno "safi", nilikwenda nikakaa darini mpaka Mama akaniita mara tatu. Pamoja na barua hii naweka nyingine niliyoiandika mwezi wa pili bila kuituma. Humo kuna kila kitu, hata furaha. Pengo la patasi ni langu. Na ndiyo, nilipokuwa nainoa nilikuwa nalia.

Jana asubuhi nilimwekea Babu bakuli mezani, kando ya wali wake. Alilipiga kwa ukucha akasikiliza. Akapitisha kidole gumba ndani. Akaligeuza. Safari hii sikungoja kuulizwa. Nilisema yote, na nilipomaliza aliinuka akaenda kukwangua theluji kwenye paa la ghala, ambako theluji ilikuwa imeshayeyuka. Tulimsikia akikwangua mabati matupu. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: "Ulitumia chuma cha nani?"

Nikasema, cha Dada Orie.

"Basi hilo ndilo utakalomwandikia kwanza."

Nimeliandika katikati. Naomba radhi kwa hilo pia.

Mchana alivaa koti lake la mikutano akaenda kwenye ushirika. Hakutuambia alichosema. Mama alikisikia kazini kwake, kwa mke wa mmoja wa wakereza. Babu alisimama mbele yao wote akasema, "Mwanafunzi wangu hakuchoma kitu. Aliyechukua ni mjukuu wangu, na aliyekuwa kipofu ni mimi. Mwenye la kusema juu ya wanawake na majiko aniambie mimi."

Mimi sitagusa kerezo mpaka wewe useme. Ukisema kamwe, itakuwa kamwe. Hilo ni haki yako na sitalalamika hata kimoyomoyo. Lakini naomba, usimpe Mzee Sanjiro vyuma vyako. Sina haki ya kukuomba jambo, nakuomba hili hata hivyo.

Natsue


Kurusawa, 15 Machi

Orie,

Mimi si mtu wa barua.

Nilihesabu mabakuli, sikuhesabu watu waliokuwa na njia ya kupanda ngazi. Mkereza anayepima kitu kimoja na kuacha kingine huharibu kazi. Nilikufundisha hivyo mwenyewe.

Nilisema neno kuhusu chai. Tangu siku ile chai ya nyumba hii haina ladha, na majani ni yaleyale.

Bakuli la mtoto umeliona. Ndani ni nene, ubavuni lina mawimbi, mdomo umelala upande mmoja. Lakini pale katikati, upana wa vidole vitatu, amekata vizuri. Sijui kajifunzia wapi kama si kwa kukutazama wewe. Likifika mjini kabla ya tarehe kumi Aprili, fundi wa utomvu anaweza kulipaka pamoja na yale tisa. Kitako hakijakatwa. Mimi sikukikata. Wino si wangu.

Paka nimemtoa kwenye kigoda. Amerudi. Nimemtoa tena.

Kihachi


Kitamata, 24 Machi 1979

Natsue,

Na mimi leo sina majira. Barua yako isiyo na majira ndiyo ya kwanza niliyoiamini yote.

Siku ya kwanza nilitazama kitako, nikalirudisha bakuli kwenye kifurushi nikalifunga kwa kamba. Siku ya pili nilikuandikia kurasa sita. Nilizisoma, nikazitia jikoni kwa shangazi, moja moja, nikitazama vizuri kila kinachoingia. Ilikuwa barua mbaya, na kila neno lake lilikuwa kweli.

Nitakuambia lililoniuma, ili usikosee ukadhani ni jingine. Bakuli si kitu. Chuma kinanoleka. Kilichoniuma ni mwavuli. Ulitembea nami kutoka mlangoni mpaka kituoni, theluji inaanguka, ukaniegemezea mwavuli mpaka bega lako likawa jeupe, na ukaniuliza kama nimechukua soksi nzito. Kulikuwa na nafasi ya maneno mengine pale, Natsue. Basi lilichelewa. Tangu Jumatatu ile mpaka kifurushi chako kilipofika ni siku hamsini na nne, na siku zote hizo niliyafundisha macho yangu kuona kitu ambacho hayakukiona. Sasa sijui nitaanzaje kuyaamini tena. Hilo huwezi kulirudisha kwa posta. Sijakusamehe. Ukinikuta nimenyamaza, usiniletee chai.

Jana nilipita njia fupi. Mzee Sanjiro alikuwa anakereza vichwa vya wanasesere, na nilikaa nje ya mlango wake mpaka nikaganda vidole. Akaita bila kugeuka, "Umeleta vyuma?"

Nikasema, "Nimeleta. Lakini sikuachii."

"Nilijua tu," akasema. "Kwanza wanakataa posa, halafu wanakataa na vyuma. Ingia, unaniletea baridi."

Nilinoa patasi ya mpini wa mcheri mpaka pengo likaisha. Imefupika kwa urefu wa punje ya mchele. Nikakereza kibanio, nikaligeuza bakuli lako, nikalibana. Lilikaa, ila mdomo wake ulikuwa ukiyumba kidogo katika kuzunguka, kama mtu anayetaka kusema jambo. Mzunguko wa kwanza patasi ilikwaruza tu. Wa pili pia. Halafu sauti ikaja. Mzee Sanjiro alisimamisha kerezo lake ili asikilize, akasema, "Hiyo si sauti ya kuuzia figili."

Fundi anasema ulikata vizuri upana wa vidole vitatu. Mimi naona vinne. Usimwambie.

Kitako sasa kimekwisha. Narudi nalo mwenyewe, nimelifunga kati ya fulana mbili, maana posta siiamini na wewe bado sikuamini. Nitalipeleka mjini kabla ya tarehe kumi. Mwezi wa kumi nyumba zitaketi kumi, na mabakuli kumi, na moja kati ya hayo litakuwa baya kidogo. Hilo mtalitumia nyinyi. Mwambie Fundi.

Nafika tarehe tatu Aprili kwa basi la mchana. Usije kituoni, hata ikinyesha. Utakuwa darini, unahesabu kila bakuli lililopo kwa sauti na kuandika kwenye daftari, na utafanya hivyo kila Jumamosi mpaka nitakaposema basi. Habari ya kerezo tutaizungumza baadaye. Neno lile ulilolitaja, kamwe, mimi sijalisema.

Ndani ya bahasha hii kuna randa moja. Ni la kitakoni. Lina wino wangu, herufi moja nzima na kipande cha nyingine. Nimelishika tangu jana bila kujua nilifanyie nini, kwa hiyo nakupa wewe. Uliweke au ulichome, amua mwenyewe, ila uwe unatazama.

Na siku nitakayofika, jiko la maranda msiliguse. Nitaliwasha mimi.

Orie